Landrova Iliyoinamia Mbele

Euphrasie alijua kwamba mambo yameharibika siku mume wake aliporudi nyumbani na kitabu.

Kwa kawaida Cirhuza alirudi na chaki mfukoni. Alikuwa mwalimu wa jografia katika shule moja ya sekondari pale Kadutu, na kwa miaka kumi na minane alikuwa amewafundisha watoto wa Bukavu urefu wa mito ambayo yeye mwenyewe hajawahi kunawia hata mikono. Lakini siku hiyo, mwezi wa tano wa mwaka 1978, alikuja na kitabu cha Kifaransa chenye jalada lililolowa mafuta meusi, kinachoeleza namna ya kutengeneza magari. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Bila shaka muuza karanga mmoja alikuwa amezipatia kazi.

“Mutu mwenye kusoma,” alisema Cirhuza, akikiweka kitabu mezani kana kwamba ni Biblia, “hana lazima ya fundi.”

Euphrasie aliendelea kuchambua maharagi. Katika ndoa yake alikwisha jifunza kwamba kuna maneno ya mume ambayo mke huyaacha yapite, kama unavyoliacha lori lipite: unasogea kando, unafumba macho, unangoja vumbi litulie.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye Landrova yao. Gari hilo liliwafikia zama zile mali za wageni zilipogawiwa wananchi. Wananchi wengine walipata mashamba ya chai, wengine walipata maduka. Cirhuza, aliyekuwa mwananchi wa kawaida tu, alipata gari ambalo mwananchi mkubwa zaidi alilikataa. Lilikuwa na viti viwili na nusu mbele, sanduku wazi nyuma, na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Kila Jumamosi, wakati wananchi wenzao wakifyeka majani ya barabarani kwa salongo, ile kazi ya lazima ya taifa, Cirhuza alimpeleka Euphrasie soko la Mugogo, njia ya Walungu, kununua maharagi ya kuja kuuza mjini. Magunia ya miaka mitano si mchezo. Nyuma ya gari ilikuwa imeshuka hadi ikawa inakaa kama kuku anayetaga.

Hilo halikumsumbua mtu yeyote mpaka siku walipokwenda Kavumu kujijulisha kwa Papa Camille. Philémon, mtoto wao wa kwanza, mwuguzi, alikuwa ametaka kumwoa Adèle, binti wa mzee huyo. Papa Camille alikuwa dereva wa malori kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu na kulima migomba yake. Alitoka nje kuwapokea, akawasalimia kwa heshima zote, kisha akalizunguka gari polepole, mikono mgongoni.

“Papa Cirhuza,” alisema, “hii motokari yenu haina adabu. Imekaa chini na bado hatujaipa kiti.”

Watu wakacheka. Adèle akacheka. Philémon naye, mtoto asiye na shukrani, akacheka. Cirhuza alicheka kwa meno peke yake, na njia nzima ya kurudi Bukavu hakusema neno, jambo ambalo kwa mwalimu ni ugonjwa.

Kesho yake Euphrasie alimwita Anaclet, fundi wa pale kona, kijana mtulivu ambaye mikono yake haikuwa imejua sabuni tangu ubatizo. Anaclet alilala chini ya gari, akagonga mara mbili, akatoka. Vile vyuma bapa vinavyolaliana juu ya ekseli ili kubeba uzito, ambavyo Bukavu nzima inaviita malame, vilikuwa na kasoro.

“Lame moja ilivunjika kila upande,” alisema. “Muniletee zingine mbili. Kesho magaribi imeisha.”

Sentensi fupi namna hiyo ni tusi kwa mtu aliyesoma. Cirhuza alimshukuru, akamwambia atafikiri. Siku tatu baadaye ndipo alipokuja na kile kitabu.

Yafaa kusema hapa kwamba Cirhuza hapo zamani aliitwa Barthélemy. Serikali ilipoamua kuwa majina ya ubatizo ni aibu kwa taifa, alimwacha Barthélemy mlangoni mwa ofisi ya mtaa, akatoka akiwa Cirhuza mtupu. Lakini Euphrasie aliendelea kulitunza lile jina nyumbani, kama watu wanavyotunza sahani za wageni, akalitoa siku za hatari tu. Juma la kwanza la kazi alilitoa mara nne.

Mara ya kwanza ilikuwa alipokuta malame manane ya lori yamelala sebuleni juu ya mkeka wake. Lori lenyewe lilikuwa limekufa korongoni huko njia ya Kamanyola, likaoza kwa amani miaka mingi, mpaka Cirhuza alipokwenda kulisumbua.

“Barthélemy! Hizi ni za kamyo ya tani saba!”

“Ndiyo.”

“Na yetu iko ya tani ngapi?”

“Euphrasie, kama kidogo kinabeba kidogo, kikubwa kinabeba nini? Ni logique.”

Mara ya pili na ya tatu zilihusu shuka zilizotumika kufutia mafuta, na chupa nzima ya mawese iliyomwagwa kwenye nati zenye kutu kwa sababu kitabu kilisema “mafuta” bila kueleza ya nini. Nati zilikataa kulegea, ila zilinukia vizuri. Kwa juma zima mbwa wa jirani walikuja kulamba ekseli.

Mara ya nne ilihusu kinu.

Cirhuza alikuwa amegundua kwamba malame ya lori peke yake hayatoshi kumnyamazisha Papa Camille. Alitaka kuinua zaidi. Kitabu kilionyesha picha ya vipande vya kuwekwa kati ya ekseli na malame, lakini ukurasa uliofuata, wenye maelezo na labda onyo, ulikuwa umeliwa pamoja na karanga. Alihitaji mti mgumu. Alitazama huku na huku uani. Euphrasie aliporudi sokoni na mafungu mawili ya sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, alikuta kinu chake, alichopewa na mama yake siku ya harusi, kimekuwa vigogo viwili vya mraba vilivyopigwa randa safi kabisa.

“Barthélemy. Kinu yangu iko wapi?”

“Ilikuwa ya zamani, maman.”

“Ata wewe uko wa zamani. Nani alikukata?”

Siku hiyo walikula bugali na chumvi.

Kazi ilidumu majuma matatu. Gari lilining'inia uani juu ya kriki moja ya kuinulia magari na mawe ya barabarani, na Cirhuza alilala chini yake kila alasiri, akisoma kwa sauti kama padri anayembatiza mtu asiyetaka. Majirani walikuja na viti vyao. Siku ya mwisho, alipomaliza kukaza, alishusha kriki, akamwita mkewe.

“Panda nyuma.”

“Ju ya sababu gani?”

“Ju ya kupima uzito.”

Euphrasie, mwanamke ambaye madereva wa Mugogo humpa kiti cha mbele bila kubishana, alipanda. Alisimama katikati ya sanduku. Gari halikushuka hata upana wa kidole.

“Ruka!”

Aliruka. Kitu pekee kilichotikisika kilikuwa meno yake.

“Unaona kazi?” alipiga kelele Cirhuza, akiwageukia majirani. “Ata kidogo haishuki!”

“Minaona,” alisema Euphrasie. “Miaka makumi mbili na ine tunaoana, leo ndio umeona mi niko mwepesi.”

Majirani wakapiga makofi. Euphrasie akashuka, wakarudi nyuma hatua chache, na hapo ndipo wote walipoliona gari jinsi lilivyo. Nyuma ilikuwa juu, mbele ilikuwa chini, kama mwanamke aliyeinama kung'oa viazi. Taa za mbele zilitazama ardhi kwa haya. Ukikaa kwenye kiti uliteleza polepole mpaka magoti yakagusa chuma, na ilibidi ujisukume nyuma tena, kama mtu anayesinzia kanisani.

Euphrasie aliinama, akachungulia chini. Kabla ya Landrova, maisha yake ya biashara aliyapitisha katika malori, akikaa pembeni ya madereva, na macho yake hayakuwa ya mapambo. Aliona mpira mweusi, mwembamba, unaotoka kwenye mwili wa gari hadi kwenye ekseli, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

“Na huu mupira?”

“Hiyo ni ya frein, ya kusimamisha gari. Inaitwa *flexible*. Maana yake inajikunja.”

“Basi ijikunje. Mi naona inavutika.”

“Euphrasie,” alisema Cirhuza kwa upole wa mtu anayesamehe ujinga, “nani alisoma kitabu?”

Katika wakati huo huo ng'ombe wa mahari alikuwa akinenepa kwa Ignace, mdogo wake Cirhuza, juu kule Walungu. Wa kwanza alikwisha kwenda Kavumu kwa miguu, kama ng'ombe wote wa heshima tangu enzi za mababu. Huyu wa pili, Cirhuza alitangaza, atakwenda kwa gari. Atateremka mbele ya Papa Camille kutoka kwenye Landrova isiyokaa chini. Siku ya kumkabidhi ilipangwa Jumamosi alasiri, kwa hiyo Ijumaa, shule zikiwa zimefungwa, mume na mke waliondoka asubuhi. Cirhuza alivaa abakosti yake ya kijivu, ile suti ya sherehe za chama.

Ile njia ya kupanda, gari likiwa tupu, Euphrasie hakuja kuisahau. Malame ya tani saba hayakujua kama kuna mtu juu yake. Gari halikuwa linapita mashimo, lilikuwa linayarukia. Kichwa cha Euphrasie kiligonga paa mara nyingi hata akavua kitambaa, akakikunja mara nne, akakivaa kama mto.

“Iko *sportif*,” alisema Cirhuza, ulimi wake ukiwa na damu kidogo.

Kwa Ignace, kumpandisha ng'ombe kulihitaji wanaume sita, maana sanduku la nyuma sasa lilikuwa juu kuliko tuta lolote la kijiji. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mweusi, mkubwa, mwenye baka jeupe shingoni na uso wa mtu anayengoja maelezo. Ignace alikuwa amempa jina la Citoyenne, yaani Mwananchi.

“Kwa sababu gani?” aliuliza Euphrasie.

Ignace alitazama kulia na kushoto kwanza. “Kila kitu tunamufanyia, haombwi mawazo.”

Walicheka kidogo kidogo, kama watu walivyocheka miaka ile. Citoyenne aliwekwa kichwa mbele, Ignace akapanda naye kushika kamba, wakaondoka. Kwa kuwa sanduku liliinama, ng'ombe alitembea mbele hatua mbili, akafika mwisho, akaweka kidevu chake juu ya paa la kibanda cha dereva. Mate yake yalishuka taratibu kwenye kioo, upande wa Cirhuza.

Walikuwa wamekwisha pita Nyantende, kwenye mteremko mrefu unaoelekea mjini, gari lilipopiga shimo. Halikuwa shimo la ajabu. Magurudumu ya nyuma yaliruka, malame yakakataa kujikunja, gari zima likanyanyuka, na ekseli ikaning'inia hewani kwa muda wa kusema “Yesu”. Chini kukasikika mlio mdogo, *tap*, kama mtu aliyekata uzi kwa meno.

Cirhuza alikanyaga breki. Mguu ulikwenda hadi chini bila kukutana na mtu. Akakanyaga tena.

“Frein hakuna,” alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja mji mkuu wa nchi fulani.

“Namna gani hakuna?”

“Hakuna.”

Gari lilianza kuchukua mwendo. Upande wa kushoto kulikuwa na bonde, na chini kabisa ya bonde mapaa ya nyumba, madogo kama vifuniko vya masufuria. Nyuma Ignace alikuwa akiimba, hajui lolote. Euphrasie alimtazama mumewe. Mikono ilikuwa imeshika usukani, macho yalikuwa wazi, lakini ndani yake hakukuwa na mtu. Kitabu kilikuwa kimefika kwenye zile kurasa zilizochanwa.

Alimpiga kofi. Halikuwa kubwa, lilikuwa kofi la kumwamsha.

“Barthélemy! Rudisha vitesi! Tia ya pili!”

Alitii. Gia zilipiga kelele kama nguruwe wa sikukuu, gari likashtuka, mwendo ukapungua kidogo.

“Ya kwanza!”

“Itavunjika!”

“Ivunjike! Ya kwanza!”

Yeye mwenyewe alishika breki ya mkono kwa mikono miwili, akaweka miguu kwenye chuma cha mbele, akavuta kama anayetoa ndoo kisimani. Harufu ya kuungua ikajaa. Kona ilikuwa inakuja, na ng'ambo ya kona kulikuwa na anga tupu.

“Peleka mulimani! Kuume! Kuume, papa ya Philémon, tupa mu kichaka!”

Cirhuza alifumba macho, akazungusha usukani. Landrova ikaacha barabara, ikaruka mfereji, ikapasua ukingo wa udongo, ikala safu mbili za viazi vitamu, ikachomeka pua yake ndani ya tuta na kusimama. Kisha yakasikika maji ya rejeta yakichemka.

Matako ya gari yalikuwa juu kuliko yalivyowahi kufikiriwa na kitabu chochote. Ignace alikuwa amerushwa hadi kwenye shina la mgomba, amelikumbatia, mzima, anatukana kwa Mashi, lugha ya kwao. Citoyenne aliangalia hali. Aliona mbele yake paa, kisha kioo, kisha boneti, vyote vimeinama kwa utaratibu kuelekea kwenye majani mabichi. Akaweka guu moja juu ya paa. Paa likabonyea. Akashuka ngazi yake hatua kwa hatua, kama bibi arusi, akavunja kioo kwa kwato ya nyuma, akafika chini, akaanza kula.

Ndani, Cirhuza alikuwa na vipande vya kioo kwenye abakosti. Hakusogea. Euphrasie alijipapasa kichwa, mikono, magoti, akakuta vyote vipo. Ndipo alipoona kwamba mumewe analia, bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso.

“Nilitaka kukuua,” alisema.

“Hukutaka.”

“Lakini nilikuwa nakuua. Ju ya kicheko ya mutu moja.”

Euphrasie alikuwa na maneno mengi yaliyongoja zamu yao tangu siku ya kinu. Alikuwa ameyapanga vizuri, kwa ukubwa. Aliyatazama yote, akaona hakuna hata moja linalofaa. Akamtoa vipande vya kioo kwenye kola, kimoja kimoja.

“Toka,” alisema. “Ng'ombe iko inakula shamba ya mutu.”

Mwenye shamba alikwisha fika. Alikuwa mwanamke mzee aitwaye Agathe, jembe begani, na alilitazama gari kwa muda mrefu kabla ya kuwatazama watu.

“Asinge, banabangu. Mulikufa?”

“Hapana, mama.”

“Nyamuzinda, Mungu wetu, anawapenda.” Akasogea, akaelekeza kwa jembe. “Lakini kwa nini mulimunyanyua matako?”

Ignace alianza kucheka, akajishika mbavu zilizoumia, akaendelea kucheka. Cirhuza alifungua kinywa, akatafuta logique, hakuipata.

Agathe aliwapa maji na viazi vya kuchoma, akakataa kabisa kulipwa shamba lake. Alisema hadithi yenyewe itamtosha mpaka Noeli. Ignace aliachwa kulinda gari. Mume na mke walimshika Citoyenne kamba, wakateremka kwa miguu mpaka Kadutu, wakafika jua likiwa linazama nyuma ya milima. Kabla ya kuoga, Euphrasie alikwenda kona kumwona Anaclet, akamweleza yote. Anaclet alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu zaidi ya mikono.

“Nitaenda kesho kumuvuta,” alisema. Hakuongeza neno, na Euphrasie aliona huyo ni kijana aliyelelewa na mama mwenye akili.

Jumamosi waliondoka alfajiri kuelekea Kavumu, ziwa likiwa kulia kwao. Watu wa salongo walikuwa barabarani na majembe yao. Mkubwa mmoja wa chama, mwenye filimbi, aliwasimamisha akauliza kwa nini hawafanyi kazi ya taifa. Cirhuza, ambaye siku nyingine angemtolea hotuba, alimwonyesha ng'ombe, kisha viatu vyake vilivyopasuka. Mkubwa akapiga filimbi, wakapita.

Njia hiyo ilikuwa ndefu. Adhuhuri Euphrasie alivua viatu, na Cirhuza akavibeba mkononi bila kuombwa, yeye aliyekuwa akisema mwanamume habebi hata mwavuli wa mke. Walizungumza. Walizungumza juu ya Philémon alipokuwa mdogo, juu ya mama yake Euphrasie, juu ya mwaka ule walipoishi chumba kimoja Bagira na kuku watatu. Euphrasie alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mumewe alimwuliza swali bila kulijibu mwenyewe.

Karibu na Kavumu alimshika mkono.

“Sikiliza. Tutasema motokari ilichukuliwa na baaskari. Kila mutu ataamini.”

“Ndiyo,” alisema Cirhuza. “Ni uongo muzuri.”

Papa Camille aliwaona kutoka mbali, akatoka mpaka barabarani, watu wa nyumbani nyuma yake. Alimtazama Citoyenne, akatazama miguu ya Euphrasie yenye vumbi, akatazama abakosti iliyochanika begani.

“Karibuni, karibuni. Na motokari? Iko wapi?”

Euphrasie alifungua kinywa ili kuwataja askari. Cirhuza alimtangulia.

“Niliiharibu,” alisema. “Mi mwenyewe, na mikono yangu, siku makumi mbili na moja. Nilitaka isikae chini mbele yako. Ikakosa frein, kidogo tu tungekufa. Muke yangu ndiye alituponya.”

Hakuna aliyecheka. Papa Camille akamchukua Cirhuza kwa mkono, kama mtu anavyomshika nduguye, akampeleka mpaka kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha mikono, na kumketisha. Akaagiza kasiksi, ile pombe ya ndizi, iletwe. Mkewe akamletea Euphrasie beseni la maji ya moto na kupiga magoti kumwosha miguu, ingawa Euphrasie alikataa mara tatu.

Baada ya hapo mzee alirudi nje kumkagua ng'ombe. Alimpapasa mgongo, akamfungua mdomo, akainua kwato moja baada ya nyingine, akamzunguka mara mbili, mikono mgongoni.

“Papa Cirhuza,” aliita kutoka uani, “hii ng'ombe yenu imekonda!”

“Ilitembea kilomita makumi ine!” alijibu Cirhuza, akisimama na kikombe mkononi. Sauti yake ya darasani ilikuwa imerudi. “Na kwanza, imekonda wapi? Kuja unionyeshe!”

Wakaanza kubishana juu ya mbavu za Citoyenne, mmoja akihesabu kutoka kushoto, mwingine kutoka kulia, na Euphrasie, miguu yake ikiwa majini, akaegemeza kichwa ukutani na kulala usingizi.